Kumfundisha mbwa wa lupango kubeba kikapu na kutumwa

Nyumba nyingi za Lubumbashi zina mbwa, na mbwa huyo amepewa kazi moja: kubweka usiku. Mchana kutwa amefungwa mnyororo chini ya mwembe, jioni anawekewa bukari (ugali) uliobaki, na neno analosikia mara nyingi ni la kufukuzwa. Inaniuma kila ninapoliona jambo hili, kwa sababu mbwa huyo huyo wa rangi ya udongo, asiye na ukoo wa kutajwa, anaweza kumwokotea mzee fimbo iliyoanguka, kumletea mama malapa, kuchukua kikaratasi kutoka jiko la nje hadi chumbani kwa nkambo (babu au bibi), kubeba kikapu cha mikate mnapotoka butiki, na kuleta tochi umeme unapokatika. Wapo wanaoamini kwamba ni mbwa wa Ulaya tu wanaofundishika. Wazee wa misitu ya Kongo wamewinda na basenji, mbwa asiyebweka kama wengine, wakimvalisha kengele shingoni ili mwindaji amfuate kwa sikio. Mbwa wa nchi hii wamefanya kazi na watu tangu zamani.

Kazi ninazozieleza hapa ni za ndani ya lupango, yaani kiwanja chenye ukuta au ua ambamo familia huishi, pamoja na zile za njiani mbwa akiwa ubavuni mwako. Kumtuma dukani peke yake sikushauri hata kidogo. Katika vitongoji vya mji wetu kama Katuba, Kenya au Ruashi, pikipiki hupita upande wowote zinaopata nafasi, na mbwa asiye na mtu hugongwa, huibwa, au hupigwa mawe na watu wanaomwogopa. Hofu yao ina sababu, nitaifikia.

Kuna jambo moja linalowashinda wengi, nalo naliweka mbele ya yote: mfundishe mbwa kuachia kabla hujamfundisha kuchukua. Ukigeuza mpangilio huo, utakuwa na mbwa anayekimbia na malapa yako hadi nyuma ya choo.

Kabla ya somo la kwanza

Mtoto wa mbwa wa wiki nane anaweza kuanza michezo midogo ya kufuata jina lake. Kati ya miezi minne na sita meno ya utotoni hung'oka na ufizi humuuma, basi kipindi hicho usimlazimishe kushika kitu kigumu. Mzigo wa maana usubiri hadi mifupa ikomae, karibu mwaka na nusu. Mbwa mzima wa miaka mitano naye hujifunza, mara nyingi kwa utulivu zaidi kuliko mtoto, ila huenda ikabidi kwanza umwondolee tabia alizozoea.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu, kisha hurudiwa kadiri daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya visa vya ugonjwa huu kwa binadamu hutokana na mbwa, na kati ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo bila kusubiri kuona hali ya mbwa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, hivyo mji wetu haukosi watu wenye ujuzi wa kuulizwa. Tunza kadi ya chanjo pamoja na karatasi za nyumba. Jirani atakapouliza, mwonyeshe.

Halafu, mnyororo. Mbwa aliyefungwa tangu asubuhi akifunguliwa hulipuka: anaruka, anaangusha sufuria, anawatisha watoto. Mwache azunguke lupango kwa dakika kumi akinusa kila kona, kisha ndipo somo lianze. Watu huniuliza kama mbwa wa kubeba kikapu hatalegea ulinzi wa usiku. Sijaona hivyo. Mbwa anayezoeana na watu wa nyumbani mwake huwatambua vizuri zaidi wasio wa nyumbani. Lakini mbwa ambaye tayari ameng'ata mtu bila kuchokozwa, huyo usimpeleke barabarani wala usimweke na watoto. Kazi yake ibaki ndani ya ua, na wewe peke yako.

Malipo mazuri kuliko yote niliyojaribu ni ndakala kavu, wale samaki wadogo. Wana harufu kali, hawaozi mfukoni, na mmoja hukatika vipande vitatu au vinne vya ukubwa wa ukucha. Wakiwa na chumvi nyingi, waoshe na uwaanike tena juani. Bukari mkavu wa jana unafaa kwa mbwa mwenye njaa, ila hauna mvuto huo. Usimpe kitunguu, chokoleti wala mifupa ya kuku iliyopikwa, kwani mifupa hiyo hupasuka kwa ncha kali na kuchoma utumbo. Fundisha kabla ya mlo, kamwe si baada yake.

Mwisho, kaeni wote wa nyumbani mkubaliane maneno. Papa akisema "leta", yaya akisema "apporte" na watoto wakisema "kuya nayo", mbwa anabaki akiwatazama midomo. Chagueni maneno matano, myaandike kwa makala (makaa) kwenye ukuta wa jikoni: shika, achia, leta, peleka, ngoja. Neno "kamata" msilitumie kwa kikapu. Katika nyumba nyingi za hapa ndilo neno la kumchochea mbwa dhidi ya mwizi, na hutaki alichanganye na mkono wa nkambo.

Hatua ya kwanza: jina, macho na neno la sifa

Hii ni fupi. Ita jina lake mara moja tu. Akikutazama machoni, sema "safi!" papo hapo, kisha mpe kipande. Fanya hivyo siku mbili tatu mpaka neno "safi" lenyewe limfanye ageuze shingo. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kwamba mbwa huanza kutoa mate kwa ishara inayotangulia chakula, hata kabla chakula hakijafika. "Safi" ndiyo ishara yako. Faida yake ni wakati: mkono wako huchelewa kuingia mfukoni, lakini neno hufika pale pale mbwa anapofanya lililo sahihi. Ukichelewa sekunde mbili tu, umemsifu kwa kujikuna.

Hatua ya pili: achia

Angalia yanayotokea katika nyumba nyingi. Mtoto wa mbwa ameokota lapa moja. Mwenye lapa anapiga kelele, watoto wanamfukuza, anazunguka tangi la maji mara mbili, wanambana kwenye kona, wanampanua mdomo kwa nguvu na kumchapa. Somo alilopata ni kwamba akiwa na kitu mdomoni watu hugeuka wabaya, na kwamba salama yake ni kukimbia au kumeza haraka. Akikua, ukimpa kikapu cha mikate ataondoka nacho, na ukimsogelea atanguruma. Watu husema ni mbwa mkaidi. Mimi nasema alifundishwa hivyo, na waliomfundisha ni sisi.

Dawa yake ni kubadilishana. Mpe kitu asichokithamini sana, tuseme kipande cha kamba nene. Acha akichezee kidogo. Peleka ndakala puani pake na utulie bila kuvuta kamba. Utaona kwanza pua inatikisika, kisha taya linalegea, ulimi unasukuma kamba mbele. Wakati huo huo mdomo unapofunguka, sema "achia", kisha "safi", na umpe samaki wake. Sasa fanya jambo ambalo wengi hulisahau: mrudishie kamba. Hapo ndipo mbwa anapoelewa kwamba kuachia hakumpotezei chochote. Analipwa na bado anabaki na mchezo wake.

Rudia mara tano au sita, kisha pumzika. Baada ya siku chache anza kusema "achia" kabla ya kutoa samaki mfukoni. Neno likishika, ongeza thamani ya kitu: kutoka kamba hadi chupa tupu ya plastiki, hadi lapa, na mwishowe mfupa. Usivute kamwe kwa mkono, maana ukivuta naye huvuta, na mmeanza mchezo mwingine kabisa.

Akinguruma, usimpige na usimnyang'anye. Rudi nyuma, tupa ndakala wawili hatua tatu mbali naye, aende kuwala, kisha ndipo uokote kitu chake. Siku inayofuata anza na kitu cha thamani ndogo zaidi. Watoto wasishiriki somo hili mpaka kunguruma kuishe kabisa.

Hatua ya tatu: shika

Tafuta kijiti cha unene wa kidole gumba na urefu wa shubiri moja, ukizungushie kipande cha kitenge kilichochakaa, ufunge ncha zote mbili kwa uzi. Kitambaa kinalinda meno na kinabaki na harufu ya nyumbani.

Kaa chini kwenye kigoda, kijiti mkononi, mbele ya mbwa. Akikinusa tu, "safi" na kipande. Akikinusa mara kadhaa, acha kulipa pua, subiri. Atashangaa, atakitazama, atakigusa tena, kisha atajaribu kukiuma. Sekunde ile ile ya kuuma, "safi!" Usimsukumizie kijiti mdomoni. Mbwa anayesukumiwa hugeuza kichwa, na kesho akiona kile kijiti ataondoka.

Sasa utazame mdomo wake kwa makini. Mbwa anayetafuna hupeleka kitu nyuma, kwenye magego, na utaona masikio yakicheza. Mbwa anayebeba hukiweka nyuma kidogo ya meno marefu ya mbele, midomo imelegea, kichwa kimetulia. Lipa namna hii ya pili tu. Ukiona taya linaanza kusaga, umechelewa kusema "achia", fupisha muda. Anza na sekunde moja ya kushika, kisha mbili, kisha nne, na mara kwa mara rudi kwenye moja ili asichoke. Neno "shika" liingize pale anapokuwa anakichukua kijiti bila kusita.

Kosa lililozoeleka ni kuanza kwa kurusha. Mtu anarusha mpira, mbwa anakimbia, anaufikia, anaudondosha na kusimama kumtazama. Furaha yake ilikuwa ni kukimbiza. Kushika hakujawa kazi anayoijua. Fundisha mdomo kwanza, miguu itafuata yenyewe.

Hatua ya nne: leta

Kaa mwisho wa kijia chembamba, kwa mfano kati ya nyumba na ukuta, ili mbwa awe na njia moja tu ya kurudi, ile inayokuja kwako. Weka kijiti chini, hatua moja kutoka miguuni pako. "Shika." Akikichukua, rudi nyuma kidogo, nyosha kiganja, "leta". Kikigusa kiganja, "achia", "safi", malipo. Kesho hatua mbili. Wiki ijayo urefu wote wa kijia, halafu uwanja mzima.

Akidondosha kabla ya kufika, usiinuke kukiokota. Ukikiokota wewe, umemwonyesha kwamba sehemu ya mwisho ya kazi ni yako. Kaa kimya, elekeza mkono, sema "shika" tena. Malipo yapo mkononi tu, hayapo ardhini. Mbwa wengine wanalielewa hilo siku hiyo hiyo, wengine wiki nzima.

Kama unamwandaa kumsaidia mzee anayeumwa magoti au mgongo, fundisha kwenye kiti anachokalia mzee mwenyewe, na kitu kipokelewe mapajani mwake ili asiiname. Kwa fimbo, anza na kipande kifupi kisha uongeze urefu polepole. Mbwa mwenye fimbo ndefu hukwama mlangoni: ncha zinagonga miimo, anasukuma, anadondosha, anaogopa mlango. Funga kitambaa cha manjano katikati ya fimbo na ulipe tu akiishika pale. Baada ya muda, akifika mlangoni hujifunza kuinamisha kichwa upande mmoja ili fimbo ipite. Mara ya kwanza kuliona hilo, nililipa ndakala wote niliokuwa nao.

Hatua ya tano: kikapu na majina ya vitu

Mbwa huona rangi, ila si zote tunazoziona. Macho yake hutofautisha vizuri buluu na manjano, wakati nyekundu na kijani humchanganya. Ardhi yetu ya Katanga ni nyekundu. Kikapu chekundu kikiwekwa juu ya udongo huo, kwako kinang'aa, kwake kinafifia, na utamlaumu kwamba hatafuti. Chagua kikapu chenye mpini wa buluu au usukie mpini kitambaa cha buluu. Mpini uwe mnene, usiwe wa waya. Kikapu kiwe kifupi kiasi kwamba hakigongi magoti yake anapotembea.

Kwanza kiwe kitupu. Kisha weka kitambaa ndani, kisha andazi moja lililofungwa, kisha vitu vya kweli. Kwa mbwa wa kilo 15 mimi sivuki nusu kilo mdomoni. Shingo na taya ndivyo vinavyobeba, na mbwa hawezi kukuambia kwamba vinamuuma mpaka siku atakapokikataa kikapu.

Majina yafundishe moja moja. "Leta malapa" kwa siku kadhaa yakiwa peke yake sakafuni, kisha malapa pamoja na chupa, umlipe akichagua sahihi na unyamaze akikosea. Nchini Marekani, mwanasaikolojia John Pilley alimfundisha mbwa wake Chaser, wa aina ya border collie, majina ya vitu 1,022, kazi iliyochukua takriban miaka mitatu ya mazoezi ya kila siku. Nyumba yako inahitaji majina matano tu: malapa, fimbo, kikapu, kitambaa, tochi. Tochi iwekwe ndani ya kikapu chake mahali pamoja, kila siku, na umzoeze kuileta taa zikiwa zimezimwa makusudi, kabla usiku wa giza la kweli haujafika.

Hatua ya sita: peleka kwa fulani

Hapa ndipo kutumwa kunapoanza, na hapa ndipo ningekuomba usiwe na haraka. Mpaka sasa mbwa anajua njia moja: kitu kinakuja kwako. Sasa unamtaka akiondoe kwako, akupe mgongo, aende kwa mtu mwingine ambaye hamwoni mfukoni mwake mna nini.

Wanahitajika watu wawili. Tuseme wewe na nkambo, maana wazee wana subira na wengi wao hulipenda zoezi hili. Nkambo akae kwenye kiti hatua tatu mbele yako, akiwa na ndakala mkononi. Wewe usiwe na chochote. Mpe mbwa kikapu, "shika", kisha elekeza mkono: "Peleka kwa Nkambo." Nkambo amwite kwa jina. Akifika, nkambo apokee, aseme "achia", alipe yeye. Halafu nkambo naye amrudishe: "Peleka kwa Papa", na safari hii ulipe wewe. Anayepokea ndiye anayelipa, kila mara. Ukimlipa wewe uliyemtuma, atajifunza kugeuka nusu njia.

Safari chache tu kila siku, kisha sogeza kiti cha nkambo. Hatua sita. Kisha kwenye baraza. Kisha nyuma ya mlango ulio wazi, ambapo mbwa anasikia sauti bila kuona mtu. Hapa wengi husita, wanasimama mlangoni na kikapu mdomoni wakitazama nyuma. Usimkaripie. Nkambo aite tena kwa sauti ya furaha. Kama bado, sogea naye mpaka mlangoni, na siku inayofuata ubaki hatua moja nyuma. Mwishowe nkambo anaacha kuita, na jina lake pekee latosha.

Mbwa wangu Sijali alipofika hapo, kazi ya kwanza ya kweli tuliyompa ilikuwa vikaratasi. Tantine akiwa jikoni nje, moshi wa makala machoni, anaandika "chumvi imekwisha" au "chakula tayari", anakiweka kikapuni na kumtuma. Karatasi ni nyepesi, haiharibiki kwa mate ikiwa kikapuni, na haina cha kumshawishi mbwa kuila. Ni mzigo mzuri wa kuanzia kuliko chakula chochote. Nyama na samaki viwe vya mwisho kabisa, kama vitakuwepo. Mimi sivitumi. Kumpa mbwa kilo ya samaki na kumwambia asile ni kumwonea.

Mtu wa tatu na wa nne waongezwe mmoja mmoja. Nyumba yenye watoto wengi iwe na zamu, kwani mbwa anayetumwa na kila mmoja kwa wakati mmoja huishia chini ya meza.

Hatua ya saba: njiani hadi butiki

Njia ya kwanza mkaitembee bila kikapu, kamba mkononi, mbwa upande wa mbali na barabara. Apite kando ya pikipiki iliyosimama kabla ya ile inayokwenda. Apite karibu na watoto waliotoka shule akiwa umbali ambao bado anaweza kukutazama ukimwita. Hilo likiwezekana, kikapu kiingie, kwanza katika nusu ya mwisho ya safari ya kurudi nyumbani, wakati amechangamka kidogo na anaijua njia.

Joto ni hatari ambayo wengi hawaioni. Mbwa hujipoza kwa kuhema na ulimi nje, na mpini wa kikapu mdomoni unamzuia kuhema vizuri. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, lami ya mji wetu huchoma. Weka mgongo wa kiganja chako juu yake. Kama huwezi kuuacha hapo kwa sekunde 7, nyayo zake nazo haziwezi. Nenda saa kumi na mbili asubuhi au jioni jua likizama. Kila baada ya dakika chache sema "achia", pokea kikapu, aheme, anywe maji, kisha aendelee. Akianza kuyumba, akitoa mate mazito au ufizi ukiwa mwekundu sana, kazi imeisha: mpeleke kivulini, mloweshe tumbo na miguu kwa maji ya kawaida, na mtafute daktari.

Butiki, msalimie mwenye duka kwanza na umwombe ruhusa. Mbwa angoje nje, "ngoja", kamba mkononi mwako au mwa mwenzako. Usimfunge kwenye nguzo na kumwacha. Mikate ifungwe ndani ya mfuko safi, juu yake kitambaa, na asiwepo mtu anayelishwa kilichoguswa na mate. Kuna majirani Waislamu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi. Ukiwatumia kitu, kipeleke kwa mkono wako mwenyewe. Mama mwenye mtoto mgongoni akikaza mwendo akikuona, vuka upande wa pili wewe. Wapo watakaosimama kushangaa na kutaka kumgusa. Waambie wasubiri aweke kikapu chini kwanza, kwani mbwa mwenye kitu mdomoni asishikwe na mgeni.

Yanayoharibika mara nyingi

Akitafuna mpini, muda umekuwa mrefu kuliko uwezo wake. Rudi sekunde mbili nyuma, na kagua ufizi kama hauna kidonda. Akikubali kila kitu asubuhi na kukataa jioni, mara nyingi amechoka au ameshiba. Akikimbia na kitu, usimfukuze: kimbia wewe upande mwingine ukiita jina lake, karibu wote hugeuka na kukufuata, na akikufikia badilishana naye kama siku za hatua ya pili. Mbwa aliyekuwa anafanya vizuri kwa miezi na ghafla anakataa kushika, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kumwita mvivu. Jino lililovunjika halionekani kwa nje.

Dawa za mgonjwa, fedha, chupa za kioo na simu visiwe kwenye kikapu. Dawa kwa sababu akivunja pakiti na kumeza anaweza kufa, na mengine kwa sababu kudondosha ni sehemu ya kujifunza.

Mpini uoshwe kwa sabuni kila wiki na kitambaa kibadilishwe kikianza kunuka au kutoa nyuzi, kwani nyuzi zikimezwa hujifunga tumboni. Akishajua kazi zote, ndakala wapungue: kipande kimoja kwa safari tatu, kisha kwa safari tano, bila mpangilio anaoweza kuutabiri, lakini "safi" na mkono nyuma ya sikio visikose hata safari moja.